Mkono mmoja haulei mwana: mtoto mwenye ulemavu asiachiwe mama peke yake

Tangu tarehe 3 mwezi wa tano 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina sheria yake ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Kabla ya hapo, Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kusema, katika kifungu cha 49, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya moyo. Mwaka 2015 nchi ilijiunga pia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi, mtoto wa Lubumbashi ambaye hawezi kukaa, kutembea au kusema hayuko peke yake. Ana Katiba, ana sheria, ana mkataba.

Kwenye lupango, ana mama yake tu.

Ndiyo hali ya familia nyingi za Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe. Kinachokosekana kwanza si jumba kubwa lenye mashine za bei. Kinachokosekana ni msaada mdogo, wa karibu na nyumba, unaokuja mapema na unaorudi kila juma. Bila huo, sheria inabaki Kinshasa na mzigo unabaki mgongoni mwa mwanamke mmoja.

Mwaka 2021 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani karibu mmoja kati ya kumi. Asubuhi, wanafunzi wa Lubumbashi wanapokwenda masomo na mashati yao meupe, watoto hao hawaonekani njiani. Wapo. Wako nyuma ya pazia, kwenye mkeka, katika chumba cha ndani.

Tazama siku moja ya mama mwenye mtoto wa miaka minne aliyepata mtindio wa ubongo, ule ambao waganga wa hospitali wanauita IMC. Kabla jua halijatoka anawasha mbabula, kwa sababu umeme wa SNEL unaweza kuwa umekatika tangu jana. Anatafuta maji. Mtoto ameamka, shingo haishiki vizuri, mikono imekaza. Kumuogesha kunaomba mikono miwili ya kumshika na mkono wa tatu wa kumwaga maji. Uji ambao wenzake wanaumaliza kwa dakika tano, yeye anaunywa kwa saa nzima, kijiko kwa kijiko, kifua kikiwa kimeinuliwa, maana akilishwa akiwa amelala chakula kinaweza kupita njia ya hewa na kumletea ugonjwa wa mapafu. Bukari ya mchana lazima ilainishwe kwa mchuzi. Halafu kuna vitambaa: kubadilisha, kufua, kuanika. Mvua ya mwezi wa kwanza ikinyesha siku tatu mfululizo, vitambaa havikauki na ngozi ya mtoto inaanza kuchubuka.

Akitaka kutoka, anamfunga mgongoni kwa kitenge. Mtoto wa mwaka mmoja mgongoni ni jambo la kila siku. Mtoto wa miaka sita au saba ni kilo kumi na tano, pengine ishirini, na miguu yake inafika kwenye magoti ya mama. Taksi-bisi inaposimama, kila mtu anasukumana kuingia. Dereva hana saa ya kungoja mwanamke anayepanda polepole, na abiria aliye karibu anasogea kana kwamba ulemavu unaambukiza. Kwenda hospitali na kurudi kunamaliza siku nzima, pamoja na feza ya chakula cha siku hiyo.

Ndipo hesabu ya nyumba inapoharibika. Mama aliyekuwa akiuza mboga au mikate sokoni anapunguza siku za kuuza, mwisho anaacha kabisa. Akikosa kutoa zamu yake katika likelemba mara mbili, wenzake wanamwondoa. Siku akilazimika kwenda kutafuta, dada mkubwa wa mtoto, mwenye miaka kumi au kumi na mmoja, anakosa masomo ili abaki na mdogo wake. Hivyo ulemavu wa mmoja unakula masomo ya mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi: anayeutazama kwa mbali anauona mwepesi. Majirani wanaosema "yule mama hatoki siku hizi, amekuwa na kiburi" hawajaubeba hata saa moja.

Juu ya mzigo huo unaongezwa mzigo wa maneno. "Mama huyu alifanya nini alipokuwa na mimba?" "Baba amemtoa mtoto ili apate feza." "Ni ulozi wa upande wa familia yao." Maneno hayo yanasemwa kisimani, kwenye matanga, na wakati mwingine katika chumba cha maombi mbele ya watu wote. Yanaleta madhara ya kweli: mama anaogopa kumtoa mtoto nje, na mtoto asiyetoka nje haonwi na munganga.

Sababu zinazojulikana ni nyingine kabisa. Mtoto anaweza kupata mtindio wa ubongo kwa sababu uzazi ulichelewa na akakosa hewa, akazaliwa bila kulia. Anaweza kuupata kwa sababu ya manjano kali ya siku za kwanza ambayo haikutunzwa, au kwa kuzaliwa kabla ya wakati. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo vinaweza kumharibu mtoto aliyekuwa akicheza vizuri juma lililopita. Trisomia 21 inatokana na kromosomu moja ya ziada. Jambo hilo limejulikana tangu 1959, na si adhabu ya mtu yeyote.

Lubumbashi yenyewe imeingia katika vitabu vya sayansi kuhusu jambo lililo karibu na hili. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi uliofanywa mjini kati ya 2013 na 2015 juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana. Watafiti walilinganisha watoto 138 wenye kasoro hizo na watoto 108 wasio nazo. Hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi inayohusiana na migodi, na ndogo zaidi kwa wale ambao mama zao walikunywa vitamini wakati wa mimba. Uchunguzi mmoja haumalizi maneno, na kasoro hizo si ulemavu wote. Lakini unatosha kumnyamazisha anayemnyoshea mama kidole. Katika mji ambao vumbi la migodi linaingia mpaka kwenye sufuria, kuuliza "mama huyu alifanya nini?" ni kuuliza swali lisilofaa kwa mtu asiyehusika.

Tena maneno hayo si ya kijinga tu, yanaweza kuwa kosa mbele ya sheria. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, katika kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Wachungaji na wakubwa wa familia wanapaswa kuijua sheria hiyo kama wanavyojua mistari ya Biblia.

Kifafa ni mfano ulio wazi. Watu wengi bado wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Mtoto anapoanguka, alazwe ubavu, aondolewe karibu na mbabula na maji, asitiwe kijiko mdomoni. Dawa yake inanywewa kila siku, hata siku ambazo haanguki. Anayemwambia mama aache dawa kwa sababu maombi yamekwisha kujibiwa anaweza kumrudisha mtoto kwenye moto, kwa maana halisi kabisa: vidonda vya kuungua huwapata watoto wengi waliokatizwa dawa. Maombi na dawa vinaweza kukaa katika nyumba moja. Mjini kuna kituo cha Dr Joseph Guislain, cha Mabruda wa Charité, ambacho watu wanakijua kwa magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Kwenda huko si aibu.

Kuna pia swali la mababa. Haifai kusema kwamba wote wanakimbia. Wapo wanaorudi kazini jioni na kumchukua mtoto mikononi ili mama apumzike, wapo waliomtengenezea mtoto kiti kwa mbao za kuokota. Lakini ni wengi mno wanaohama kidogo kidogo: kwanza wanachelewa kurudi, halafu wanalala kwa ndugu, halafu wanaanza nyumba nyingine ambako watoto "ni wazima". Familia ya mume ikikutana, inazungumza juu ya kumbadilisha mwanamke, haizungumzi juu ya zamu ya kumbeba mtoto. Kambo mwenye magoti yanayouma ndiye anayebaki akimsaidia mama. Mahari iliunganisha familia mbili. Mtoto akizaliwa na ulemavu hakuna sababu familia moja ijitoe.

Basi nini kifanyike? Hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya. Karibu kila mama wa Lubumbashi anajua njia ya kwenda kupima kilo. Huko mtoto anawekwa kwenye mizani, anapata chanjo, karatasi yake inaandikwa. Ni pahali ambapo ulemavu ungeweza kuonekana mapema, kama muuguzi angefundishwa kuuliza maswali machache: Mtoto wa miezi minne, shingo inashika? Wa miezi tisa, anakaa bila kuegemea? Wa mwaka na nusu, anatembea? Anageuka akiitwa jina lake? Maswali hayo hayaombi mashine. Yanaomba dakika tatu na mtu aliyefundishwa.

Wakati una maana kubwa hapa. Ubongo wa mtoto unajifunza haraka sana katika miaka ya kwanza. Aliyeonekana akiwa na miezi sita anaweza kufundishwa namna ya kukaa, kumeza, kushika, na misuli yake inazuiwa isikaze. Aliyeonekana akiwa na miaka sita amekwisha kujikunja. Mama mwingi anaambiwa "ngoja, atatembea tu, wengine wanachelewa," na anangoja miaka mitatu ambayo haitarudi.

Hatua ya pili ni kumfundisha mama na kumkusanya na wenzake. Uganda imejaribu njia inayoitwa Baby Ubuntu: kikundi kidogo cha wazazi kinakutana mara kwa mara, na mmoja wa waongozaji ni mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, aliyefundishwa kwa kazi hiyo. Wanajifunza namna ya kumbeba mtoto bila kuumiza mgongo, ya kumlisha bila kumkaba, ya kumkalisha, ya kucheza naye, na namna ya kujibu maneno ya majirani. Lubumbashi haihitaji kufundishwa kukusanyika. Mji unaojua likelemba, vikundi vya parokia na vyama vya watu wa kijiji kimoja una kila kitu cha kuanzishia vikundi kama hivyo: pahali pa kukaa, mazoea ya zamu, na watu wanaoaminiana. Mama wanne wakipeana zamu ya kubaki na watoto, kila mmoja anapata siku za kwenda sokoni.

Hatua ya tatu ni masomo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu mwezi wa tisa 2019 nchi imeanza kutekeleza jambo hilo. Bure hiyo iliwajaza watoto madarasani, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hana budi kuhurumiwa. Hata hivyo, mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuwekwa kwenye benchi la mbele. Mtoto mwenye kigari anaweza kupewa darasa la chini na mbao ya kupandia. Mtoto mwenye trisomia anaweza kujifunza kuhesabu feza na kuandika jina lake, hata kama hatapata diploma. Mkurugenzi anayemwambia mama "hapa hatupokei watoto wa namna hii" anakataa kwa neno moja kile ambacho Katiba imekitoa kwa watoto wote.

Hapo linakuja jibu linalojulikana: nchi iko katika vita, feza haipo, hata watoto wazima hawana madawati. Jibu hilo si la uongo lote. Lakini Goma na Bukavu, miji iliyobeba vita kwa karibu miaka thelathini, inajulikana kwa vituo kama Shirika la Umoja na Heri Kwetu, vinavyopokea watu wenye ulemavu. Vilijengwa na watu wa Kanisa, vyama na wafadhili, katikati ya taabu zote. Lubumbashi nayo ina masista, mabruda na vyama vyenye moyo, lakini mji wa shaba na kobalti hauwezi kuacha jambo hili liwe sadaka tu.

Maana feza ya migodi ina njia iliyoandikwa. Kwa mujibu wa sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, kwa kila franka 100 za mrabaha wa madini, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za miji, komine, sekta au utawala wa kimila ambako mgodi uko, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kila kampuni ya uchimbaji inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi. Feza hizo zinajenga barabara, visima na madarasa, na hivyo ni vizuri. Lakini miradi hiyo inapochaguliwa, nani anakaa kwenye meza? Chifu yupo, vijana wapo, wawakilishi wa kampuni wapo. Mama mwenye mtoto mgongoni hayupo, kwa sababu hakupata wa kumwachia mtoto ili aje kwenye mkutano.

Kuhusu mfuko wa vizazi vijavyo, ni vizuri kukumbuka kwamba kizazi kijacho si cha kufikirika. Kimekwisha kuzaliwa, na sehemu yake iko mgongoni mwa mama, ikingoja taksi-bisi.

Viongozi wa jimbo na wa komine wanaweza kuonyesha kwamba wameisoma sheria ya 2022 kwa mambo manne yanayoweza kuhesabiwa. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kutambua ulemavu katika kila kituo ambako watoto wanapimwa kilo. Siku moja kwa juma ya mazoezi ya viungo katika kila komine, ili mama wa Ruashi asivuke mji mzima. Kiti kwa mama mwenye mtoto mwenye ulemavu katika kila kamati inayochagua miradi ya feza ya migodi. Na hesabu ya watoto wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa sababu asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Mkataba ambao Congo ilijiunga nao mwaka 2015 unazungumza juu ya familia kwa maneno ya wazi, katika kifungu cha 23: ili mtoto mwenye ulemavu asifichwe, asitupwe wala asitengwe, nchi inapaswa kutoa mapema habari, huduma na msaada kwake na kwa familia yake. Mpangilio wa maneno hayo una hekima. Mkataba hauanzi kwa kumlaumu mama aliyemficha mtoto. Unaiambia serikali: ukitaka asifichwe, saidia nyumba.

Na wakati serikali inasubiriwa, kuna mambo ambayo hayangoji bajeti. Jirani anaweza kumshika mtoto saa moja ili mama afue. Dereva anaweza kungoja dakika moja. Mchungaji anaweza kuiweka familia hiyo benchi la mbele bila kuifanya mfano wa dhambi. Baba anaweza kurudi nyumbani mapema. Mkono mmoja haulei mwana, na katika malupango mengi ya Lubumbashi mkono huo mmoja umekwisha kuchoka.